Moto Juu, Moto Chini: Mayai, Tui na Matunda katika Pwani ya Ruvuma

Pai ya kastadi ni ganda la unga wa ngano na siagi linalojazwa mchanganyiko wa mayai, maziwa na sukari, likaokwa mpaka mchanganyiko huo ugande, kisha likapambwa kwa matunda madogo mabichi kama stroberi au forosadi. Chakula hicho kilizaliwa katika nchi zenye ng'ombe wengi, mashamba ya ngano na matanuri ya matofali. Pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Mikindani kupitia Madimba na Msimbati hadi mlango wa mto Ruvuma, kwa sehemu kubwa ya historia yake haikuwa na hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu, na hata hivyo wapishi wa pwani hiyo walijua kugandisha mayai kwa utamu, walijua kuivisha chakula kwa joto la pande zote, na walikuwa na matunda ya vichakani ya kutosha. Ndiyo maana kopo la kastadi lilipofika madukani halikukuta jiko tupu, bali lilikuta ujuzi uliokuwa tayari umetatua, kwa mchele na nazi, tatizo lilelile ambalo Wazungu walikuwa wamelitatua kwa maziwa na ngano.

Ujuzi huo unaanzia kwenye moto. Kuoka, kwa maana ya kuivisha chakula kwa joto kavu linalokizunguka, huhitaji chombo kinachofunga joto lisitoroke. Katika miji ya Waswahili ya kaskazini na visiwani kulikuwa na mofa, yaani jiko la udongo lenye umbo la mtungi, ambalo kuta zake hupashwa moto na mikate ya unga wa mtama ikabandikwa ndani. Lakini njia iliyofika kila kijiji cha pwani, kwa sababu haikuhitaji kujengewa kitu, ilikuwa ile ya kupalia moto: mpishi huchukua makaa yaliyokwisha kushika vizuri na kuyagawa mafungu mawili, dogo likabaki chini ya sufuria au chungu, kubwa likawekwa juu ya mfuniko. Fungu kubwa kuwa la juu kuna sababu yake, kwani moto wa chini hukifikia chakula moja kwa moja kupitia chombo, ilhali joto la juu, ambalo kwa tabia yake hupenda kupanda, hulazimika kushuka kupitia mfuniko na hewa iliyo chini yake. Mpishi anayegawa makaa sawasawa huunguza chakula chini na kukiacha kibichi juu. Vifuu vya nazi hutoa moto mkali wa muda mfupi, unaofaa dakika za mwisho ili uso wa chakula ugeuke rangi ya kahawia, na mkaa wa mti mgumu hutoa joto la polepole linalofaa mwanzo. Mpishi hupima kuiva kwa kuchoma chelewa, ile njiti ya katikati ya ukuti, ambayo ikitoka kavu sufuria huepuliwa. Wengine hutandika mchanga ndani ya sufuria kubwa na kuweka ndogo juu yake, ili joto la chini lienee bila kuunguza. Katika ustadi huu hakuna kipimajoto wala saa. Mkono unaopitishwa juu ya mfuniko, na harufu inayoanza kutoka pembeni mwake, ndivyo vipimo, na si haki kuliita uduni wa vifaa jambo ambalo kwa hakika ni elimu inayochukua miaka kuishika.

Kuhusu maziwa, historia ya kusini inatawaliwa na mdudu mmoja. Ndorobo, nzi anayeeneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu, alienea katika mapori makubwa ya kusini mwa Tanzania kiasi kwamba ufugaji wa ng'ombe ulikuwa mgumu katika sehemu kubwa ya eneo hilo, na familia ya kawaida ya Kimakonde ilifuga kuku na mbuzi, ikalima mihogo, mtama na kunde, na kama ilikuwa karibu na bahari ikatunza minazi. Watu waliokosa ng'ombe hawakukosa kitu cha mafuta, cheupe na cha kulainisha chakula. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, yaani kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno, kisha ikakamuliwa katika kifumbu, mfuko uliosukwa, ikatoa kwanza tui zito na baadaye, kwa maji zaidi, tui jepesi. Kwa unono tui la kwanza halizidiwi na maziwa ya ng'ombe, lakini lina udhaifu ambao kila mpishi wa pwani anaujua: likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga na maji, na chakula kikapoteza ulaini wake. Mayai nayo yana udhaifu unaofanana na huo, kwa sababu protini zake huanza kushikana joto linapokaribia nyuzi 70 za Selsiasi, na joto likizidi sana hukaza, huvuja maji na kubaki mabonge. Anayetaka kuunganisha tui na mayai bila kingine anashughulika na vitu viwili vinavyoharibika kwa sababu ileile, na juu ya moto wa makaa usiozimika kwa kugeuza swichi.

Jibu la pwani lilikuwa mchele. Katika mkate wa kumimina, mchele huloweshwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui na iliki, huachwa uumuke, kisha huchanganywa na sukari na ute wa mayai na kumiminwa katika sufuria yenye mafuta ya moto, ukaivishwa kwa moto wa chini kwanza na wa juu baadaye. Kabla hamira ya dukani haijazoeleka, tembo la mnazi lilitumika kuumua unga katika sehemu nyingi za pwani, hivyo mti mmoja ulitoa maziwa, hamira, mafuta, kuni na hata kijiti cha kupimia. Wanga wa mchele ukipata joto katika maji hunyonya, huvimba na kuwa mzito, na uzito huo huyazuia mafuta ya tui yasijitenge na protini za yai zisishikane kwa pupa. Mkate wa kumimina huwa na vinyweleo na huweza kukatwa vipande, kwa hiyo si laini kama kastadi, lakini kanuni inayoushikilia ni ileile. Kanuni hiyo huonekana pia katika firni, uji mtamu wa unga wa mchele uliozoeleka Zanzibar na Mombasa, ambao asili yake ni Uajemi na Bara Hindi. Wenzake wawili wa mkate wa kumimina wanastahili kutajwa: vitumbua, vinavyotumia mchanganyiko wa karibu sana na huo katika vikaango vyenye mashimo, na mkate wa mayai, ambao hauna tui, hutegemea mayai yaliyopigwa kwa muda mrefu na sukari mpaka yafure, na huokwa kwa makaa juu na chini. Mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo, mengi yakiwa na uzito wa gramu 40 hivi, na kuku huyo hutaga kwa vipindi, kwa hiyo mkate wa mayai ulikuwa chakula cha harusi, Maulidi na Idi, na kuupeleka kwa mtu ilikuwa ishara ya heshima iliyoeleweka bila kusemwa.

Huwa inadhaniwa kwamba mapishi ya mayai na sukari katika pwani hii yaliletwa na Wareno, na dhana hiyo ina mvuto kwa sababu Ureno ina sifa kubwa katika vitu hivyo. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, Wareno wakajikita katika Kisiwa cha Msumbiji kuanzia 1507, na visiwa vya Kirimba, vilivyo kusini ya mlango wa Ruvuma, vilikaa chini ya ushawishi wao kwa karne kadhaa. Lakini pai ndogo ya kastadi inayohusishwa na watawa wa Belém, Lisbon, ilianza kuuzwa madukani mwaka 1837, miaka mitatu baada ya nyumba za watawa kufungwa na serikali ya Ureno, wakati ambapo ushawishi wa kaskazini ya Ruvuma ulikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa Waomani waliokuwa wameiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Iliki, mchele na tui vinaelekeza kwenye Bahari ya Hindi kuliko Lisbon. Mchango mkubwa wa Wareno ulikuwa shambani: mihogo, mahindi, mananasi, mapapai na mikorosho, mazao yote ya Amerika yaliyosambaa kupitia safari zao. Hakuna kitindamlo kilichobadilisha maisha ya Madimba na uwanda wa Makonde kama mihogo na korosho zilivyoyabadilisha.

Mikorosho inafikisha habari kwenye matunda. Msafiri Ibn Battuta, aliyetembelea pwani hii mwaka 1331 akipitia Mogadishu na Mombasa mpaka Kilwa, aliandika kwamba Mogadishu alipewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na Mombasa aliona tunda linalofanana na zeituni, lenye kokwa kama yake lakini tamu sana, ambalo jina alilolitaja linaonyesha kuwa ni zambarau au ndugu yake wa karibu. Kwa maneno mengine, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya meli ya kwanza ya Kireno, pwani ya Waswahili ilikwishajua tunda dogo jeusi la msimu linalotia rangi ulimi na vidole. Forosadi nalo, tunda la mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri, lilipata kupandwa hapa na pale. Stroberi hustawi katika milima yenye baridi kama Lushoto na Njombe, na joto la Mtwara haliliachi tunda hilo likae hata siku moja mbali na jokofu.

Tunda la kusini linalostahili kuzungumziwa zaidi ni bungo. Huzaliwa na mmea utambaao unaopanda juu ya miti ya vichaka vya pwani, lina ganda gumu lenye rangi ya machungwa likiiva, na ndani mna kokwa nyingi zilizofunikwa nyama laini yenye ukali wa ndimu na harufu nzito isiyofanana na tunda jingine lolote. Mbungo ni wa ukoo mmoja na mipira ya mwitu, mimea itambaayo ya jamii ya Landolphia, ambayo utomvu wake mweupe uligeuka mali katika miaka ya 1870 na 1880. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar na mtaalamu wa mimea aliyekuwa amesafiri na Livingstone katika Zambezi, alihimiza biashara hiyo, na spishi moja ya jamii hiyo ikapewa jina lake. Watu wa uwanda wa Makonde walikata mashina, wakakusanya utomvu ukigandia mikononi kuwa mabonge, wakauteremsha hadi Mikindani na Lindi, ambako wafanyabiashara wa Kihindi waliununua kwa nguo na bidhaa nyingine. Fedha na bidhaa za mpira huo ni sehemu ya sababu ya Mikindani kustawi katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na katika maduka yaleyale ndipo sukari nyeupe, tambi na samli vilipozoeleka, vikiungana na asali ya msituni na sukari guru iliyotangulia. Msitu wa namna moja, basi, ulitoa tunda la kutia ukali na pia fedha ya kununua utamu.

Mipaka ilihamahama juu ya vichwa vya watu hawa. Mapatano ya Wajerumani na Wareno ya mwaka 1886 yaliufanya Ruvuma kuwa mpaka, Wajerumani wakaichukua Kionga, kusini ya mlango wa mto, mwaka 1894, wakajenga boma lao Mikindani mwaka uliofuata, na Wareno wakairudisha Kionga mwaka 1916. Koo za Kimakonde ziliendelea kuvuka mto kwa mitumbwi, zikioleana na kuzikana. Wamisionari nao walikuja na chakula chao cha ngano: Waanglikana Masasi kuanzia 1876, na Wabenedikto Ndanda kuanzia 1906.

Kastadi ya kopo, hata hivyo, ni habari ya utawala wa Waingereza. Poda hiyo ilibuniwa na Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, mwaka 1837, mwaka uleule ambao pai za Belém zilianza kuuzwa. Mke wake hakuweza kula mayai bila kudhurika, kwa hiyo Bird aliyaondoa kabisa na mahali pake akatia wanga wa mahindi, uliotiwa rangi ya manjano na harufu tamu, ambao ukipikwa na maziwa huwa mzito wenyewe. Huko Uingereza poda hiyo ilikuwa badala ya kitu kilichojulikana. Katika pwani isiyo na ng'ombe ilikuwa na faida ambayo mbuni wake hakuifikiria, kwa sababu wanga wake hulishikilia tui kama unga wa mchele ulivyolishikilia, na haudai mayai. Mpishi aliyezoea kukoroga tui jepesi na unga wa mchele mpaka liwe zito hakuhitaji kufundishwa upya namna ya kukoroga tui na poda ya manjano. Wanaume waliopika katika nyumba za maofisa walijifunza pai yenye ganda. Wanawake vijijini walichukua kile kilicho ndani ya ganda peke yake, na kwa maoni ya makala haya walichagua vyema, kwani ganda la siagi katika joto la pwani hulegea kabla halijafika motoni.

Kati ya 1947 na 1951 mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza uliigeuza Mtwara kutoka vijiji vya pwani kuwa mji wenye bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulitelekezwa mwezi Januari 1951, reli ikang'olewa katika miaka ya 1960, bandari ikabaki. Korosho ndiyo iliyochukua nafasi ya karanga: uzalishaji wa nchi ulifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, sababu zikiwa pamoja na watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga. Miaka hiyohiyo sukari, unga wa ngano na mafuta viliadimika nchi nzima, na kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwafanya watu waogope hata kuonekana na mfuko mzima wa sukari. Kaya zilirudi kwenye vitu ambavyo hakuna duka lililoweza kuvizuia, yaani mchele wa bonde la Ruvuma, nazi, asali na mabibo yaliyokaushwa juani. Minazi yenyewe ilishambuliwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, uliokausha mashamba mengi ya pwani ya kusini.

Biashara ilipofunguliwa baada ya 1984, na hasa Daraja la Mkapa lilipovushwa juu ya Rufiji mwaka 2003 na kuondoa foleni za kivuko, unga, majarini ya Blue Band na makopo ya kastadi vilifika kusini hata wakati wa masika. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, uliwapa wakulima fedha nyingi mwishoni mwa mwaka, wakati ambapo sherehe huwa nyingi. Ng'ombe pia waliongezeka, kwa kuwa wafugaji walioondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 walielekezwa kwa sehemu mkoani Lindi. Hata hivyo tui halikuondoka katika vitamutamu vya futari.

Kastadi ya tui na bungo ina utaratibu ambao sayansi yake inafaa kuelezwa. Ukali wa bungo ukikutana na tui la moto hulikata, na ukikutana na mayai huyafanya yagande kwa mabonge. Kwa hiyo kokwa huloweshwa, hupekechwa kwa upekecho mpaka nyama iachane nazo, maji yake huchujwa na kupikwa peke yake pamoja na sukari hadi yavute kama asali. Kastadi hupikwa kando, hupozwa mpaka itengeneze ngozi nyembamba juu, ndipo rojo la bungo linapomwagwa. Ngozi hiyo, ambayo wapishi wa Kizungu huizuia, hapa ina kazi ya kutenganisha ukali na tui. Zambarau lina ukakasi badala ya ukali mkubwa, kwa hiyo hutosha kutolewa kokwa na kutandazwa likiwa bichi.

Tangu 2015 Madimba imejulikana nchi nzima kwa mtambo wa kusafisha gesi asilia ya Mnazi Bay, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1982, na kwa bomba linaloipeleka Dar es Salaam. Katika mji wa Mtwara nyumba kadhaa zimekwisha kuunganishwa na gesi hiyo, na mitungi ya gesi huuzwa hadi vijijini. Kwa afya ya wapishi na kwa mikoko ya mlango wa Ruvuma, ambayo tangu mwaka 2000 imo ndani ya hifadhi ya bahari, badiliko hilo la kutoka makaa kwenda gesi linatakiwa liende haraka kuliko linavyokwenda. Lakini jiko la gesi la meko mawili hutoa joto la chini tu. Linapika kastadi vizuri, na kwa tui linapita makaa, kwa kuwa moto wake hupunguzwa kwa kidole. Mkate wa kumimina na mkate wa mayai haliwezi kuimaliza, kwa sababu uso wake hubaki mweupe na mbichi. Oveni inagharimu mara kadhaa ya bei ya jiko hilo, kwa hiyo mpishi mwenye gesi huendelea kuweka kando jiko la mkaa na mfuniko wa bati, akaanzisha chakula kwenye gesi na kukimalizia kwa makaa ya juu.